Mali Bila Daftari

Katika nchi tambarare ya Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa, mvua za masika ni nyingi sana. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa nguvu kutoka milimani, na pengine hufurika, ikafunika mashamba ya mpunga na nyumba za watu. Msaada ukija wakati huo, gunia halifunguliwi kwanza. Karani huketi chini ya mwembe na daftari lake, akauliza: Nyumba hii ina watoto wangapi? Mwenye njaa huiona kazi hiyo kuwa ya kumchelewesha tu. Lakini wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ukweli wa neno hilo ulionekana hata ng'ambo ya bahari.

Vita Kuu ya kwanza ilipokoma mwaka 1918, Uingereza na wenzake waliendelea kwa miezi kadhaa kuzuia chakula kisifike katika nchi walizozishinda. Watoto wa Austria wakadhoofu kwa njaa. Mwanamke Mwingereza, jina lake Eglantyne Jebb, akagawa katika njia za London karatasi zenye picha ya mtoto aliyekonda. Alishikwa na polisi, akatozwa faini ya pauni 5. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1919 yeye na mdogo wake, Dorothy Buxton, walianzisha shirika la Save the Children Fund, maana yake Mfuko wa Kuokoa Watoto.

Mwaka 1921 njaa kali iliingia Urusi, na shirika likafungua majiko ya kulisha watoto katika jimbo la Saratov, kando ya mto Volga. Ndipo gazeti moja la London lilipodai kwamba habari za njaa hiyo zimetiwa chumvi. Shirika halikujibu kwa maneno matupu. Lilimpeleka mpiga picha George Mewes, naye akapiga picha za sinema, watu wa Uingereza wakaona kwa macho yao. Hivyo kumbukumbu ililinda chakula cha watoto wasioweza kujitetea.

Barua, hesabu, picha na taarifa za shirika hilo zilizidi kuongezeka mwaka kwa mwaka. Mwaka 2011 zilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, huko Uingereza, zihifadhiwe. Mtu asomaye nyaraka za namna hii huweza kupima kama msaada uliotolewa ulifika ulikokusudiwa.

Lakini nyaraka hushuhudia kasoro kama zinavyoshuhudia wema. Mwezi wa Juni mwaka 1931 ulifanyika Geneva mkutano juu ya watoto wa Afrika, ulioitishwa na umoja wa kimataifa wa kuokoa watoto. Walizungumza juu ya vifo vya watoto wachanga, kazi walizofanyishwa watoto, na elimu. Hata hivyo Waafrika waliokuwamo walikuwa wachache mno. Basi, mtoaji huandika alichotoa na alichofikiri. Maneno ya mpokeaji mara nyingi hayaandikwi.

Watu wa Kyela wanayo sababu ya kulitafakari jambo hilo. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na barua zao nyingi zimehifadhiwa Ujerumani. Monica na Godfrey Wilson waliochunguza desturi za Wanyakyusa baada ya mwaka 1934, maandiko yao yaliwekwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Kwa hiyo anayetaka kusoma habari za babu zake hana budi kutafuta mbali, na mengi atakayoyakuta yaliandikwa na wageni.

Dawa yake iko karibu. Daftari la shule, la zahanati na la kijiji likikingwa na mchwa na unyevu, nalo ni hazina. Na mwanafunzi ajuaye kuandika aweza kuketi na bibi yake, akaandika jinsi mafuriko yalivyokuja, nani aliyesaidia, na nani aliyesahauliwa. Hapo daftari la karani litakuwa na mwenzake, na mpokeaji naye atakuwa shahidi.