Picha ya bibi isiishie kwenye simu

Familia za Kibaha na Kisarawe zinazofunga safari ya Morogoro kila Agosti, kwenye Nanenane ya Kanda ya Mashariki, hurudi na picha tele: mtoto juu ya trekta, mtoto kando ya ng'ombe wa maziwa. Bibi aliyeshinda bandani na korosho zake hayumo. Akiitwa apigwe, anaambiwa avue kanga ya kiunoni, asimame wima, atabasamu. Kumbe siku hayupo, wajukuu wataitafuta kanga ile ile, na mikono ile iliyokuwa ikibangua.

Zamani picha ya maonyesho ilikuwa ya karatasi, ikakaa kabatini miaka. Leo simu ikiibwa kwenye daladala, bibi kaondoka nayo. Picha mbili tatu zisafishwe studio, nyuma iandikwe kwa kalamu: ni nani, wapi, mwaka gani. Mwaka husahaulika upesi kuliko sura.

Na mtoto wa banda la jirani? Mzazi wake aombwe kwanza, hasa kama picha inakwenda kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023.