Misheni ya Bagamoyo na Rekodi Zake

Ukiyapita mashamba ya mananasi ya Kiwangwa kwa barabara ya lami itokayo Msata, hauchukui muda kufika Bagamoyo, kwenye misheni kongwe kuliko zote za Kikatoliki Tanzania Bara. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Anton Horner, walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, wakaanza kukomboa watumwa, hasa watoto, na kuwapa makazi. Kimbunga cha 1872 kikaiharibu vibaya, wakajenga upya.

Wako wanaodai hapa ndipo lilipo kanisa la kwanza Afrika Mashariki. Rekodi hiyo waachiwe Malindi, Kenya: kikanisa cha Wareno kilichopo pale ni cha karne ya 16, na hadi leo wageni wanaingia kukitazama.

Mti wenye kisa kirefu kuliko yote ni mbuyu wa misheni. Mwishoni mwa karne ya 19, Madame Chevalier, mama aliyejitolea kuhudumia wagonjwa, alifunga mnyororo kwenye shina ili punda wake asitoroke. Mnyororo ukasahaulika, mbuyu ukanenepa ukaumeza. Leo kinachoonekana ni kipande kifupi tu cha chuma kilichochomoza kwenye gome.

Kanisa kubwa linalotumika sasa lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Lakini linalovuta wageni zaidi ni lile la zamani, la 1872, ambalo mnara wake unaitwa Mnara wa Livingstone. Jina hilo limetokana na usiku mmoja tu. Februari 24, 1874, mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone ulilazwa hapo, kisha ukavushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza.

Waliouleta ni watumishi wake, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu kwa takriban miezi tisa mpaka baharini. Katika rekodi zote za pwani hii sioni inayoifikia hiyo. Hata hivyo, mwili ulipozikwa London Aprili 18, 1874, Susi na Chuma hawakuwepo. Waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Mbao za mti ule wa Chitambo zilitengenezewa msalaba, nao uko Unguja katika kanisa la Kianglikana la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873 penye soko la watumwa lililokuwa limefungwa mwaka huohuo.

Mwaka 2025 Bagamoyo ikawa jimbo kamili la Kikatoliki, na wageni watazidi kuja. Ombi langu kwa waongoza watalii: mkifika chini ya mnara, watajeni Susi na Chuma kwanza.