Mawe ya Bonde la Ufa (6): Kokoto Hadi Langoni

Tangu Rais Ruto azindue upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit mnamo Novemba 2025, pamoja na ile ya chini inayopita Mai Mahiu hadi Naivasha, gumzo la Longonot limekuwa malori tu. Wenzangu wanawaza nauli. Mimi nawaza shehena: mawe na kokoto za kupambia nyua zetu. Aliyefuata makala hizi anajua mlima wetu wa Longonot ulivyojijenga kwa majivu na pumisi, lile jiwe jepesi la volkano lenye matundu, kwa hiyo sitarudia.

Kuagiza mawe ya mbali ni desturi kongwe kuliko wenye maploti wanavyodhani. Kule Olorgesailie, kusini mwetu, wataalamu wa mambo ya kale walikuta obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, iliyosafiri kilomita 25 hadi 95 yapata miaka 300,000 iliyopita. Habari hiyo ilichapishwa 2018, nami sijachoka kuisimulia. Baadaye sana, takriban miaka 3,000 iliyopita, wafugaji wa utamaduni wa Elmenteita walishikilia obsidiani ya mlima Eburru. Waliitumia hata walipohamia pande za Ziwa Victoria, ilhali wafugaji wengine wa zama hizo walipendelea ya bonde la Naivasha. Kwa macho yangu, makali ya mawe hayo ni yale yale. Wao lakini walijua jiwe limetoka kilima kipi, na jambo hilo lilikuwa na uzito kwao.

Je, sisi? Tunapiga simu, tunataja "lori moja la kokoto", tunatuma pesa kwa M-Pesa, basi. Ukiuliza zimechimbwa wapi unaonekana mchokozi. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka machimbo yafanyiwe tathmini kabla ya sururu ya kwanza, na Longonot ni hifadhi ya taifa tangu 1983. Tena ardhi hii ya majivu ni dhaifu: Machi 2018 mvua kubwa ilifukua ufa ulioikata barabara ya Narok karibu na Mai Mahiu. Ulimwengu ukapiga kelele kwamba Afrika inagawanyika, na wanajiolojia kadhaa wakaeleza kwamba maji yalikuwa yamekomba majivu kutoka chini. Mtu apambaye ua wake kwa kumwachia jirani korongo shambani hana cha kujivunia.

Hesabu nazo, kwa ufupi maana nafasi inaisha. Njia ya mita 10 kwa 4, ikitandazwa kokoto sentimita 5, inakula mita 2 za ujazo, yaani tani 3 hivi. Pumisi ni nyepesi lakini hunywa maji. Ukiinunua kwa tani baada ya mvua, umelipia maji. Inunue kwa ujazo, na upime bodi ya lori kabla halijamwaga. Dereva naye aonyeshwe mapema kilipo kifuniko cha shimo la choo, asije akapita juu yake.