Mikono Inayomtuliza Mwenye Usonji

Mwanafunzi anayekabili mtihani mgumu hutafuna kalamu au hutikisa mguu bila kujijua. Mtu mwenye usonji naye hupungapunga mikono, huchezesha vidole mbele ya macho, au huyumbayumba kitini. Tofauti ni kwamba kwake miondoko hiyo hurudiwarudiwa zaidi na huonekana waziwazi.

Mwaka 1943, huko Marekani, daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo. Mmoja wao alikuwa akipitanisha vidole vyake hewani. Kwa muda mrefu miondoko hiyo ilidhaniwa kuwa haina maana, tena ni kikwazo cha masomo. Mwaka 1965 Ivar Lovaas na wenzake, nchini humo humo, walitumia hata mshtuko wa umeme kuikomesha kwa watoto mapacha wa miaka mitano.

Wenye usonji wenyewe wameeleza vingine. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, watu wazima 32 walihojiwa. Wengi walisema kwamba sauti, mwanga na mawazo yakiwazidi, mwondoko unaojirudia huwatuliza. Mara nyingi huanza bila kukusudiwa. Walipinga matibabu yenye lengo la kuukomesha.

Basi mwalimu aonapo mikono ikipunga darasani, asikimbilie kuishika. Mwondoko unaomjeruhi mtoto, kama kujigonga kichwa, lazima ashughulikiwe kwa msaada. Usiomjeruhi na uachwe, na mwalimu atazame kwanza ni kelele gani, au hofu gani, iliyouanzisha.