Mshauri wa Mbali na Siri ya Nyumba

Ni ada ya watu wetu tangu zamani kwamba yaliyo ndani ya nyumba hayatolewi nje. Mtoto akiwa mkaidi, akapiga nduguze, akavunja vyombo na kumjibu mamaye mbele ya wageni, hayo humalizwa baina ya mama na baba. Na yakizidi huitwa shangazi au mjomba, au mzee wa mtaa ambaye neno lake lasikizwa. Ada hii ni njema, wala hatuandiki leo ili kuitangua. Lakini shangazi yuko Mombasa, mjomba yuko Muscat, na mama mwenyewe yuko Minneapolis, ghorofa ya nne, mlango umefungwa kwa baridi, na mtoto wa miaka minne amemshinda. Huyu atamwita nani?

Huko Marekani wengi humwita afisa ustawi wa jamii aliyesomea tiba ya nafsi na ya jamaa, naye huonana nao kwa njia ya intaneti, yeye ofisini kwake na wao sebuleni kwao. Njia hii ilienea sana tangu mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani. Wako Waislamu waliomwendea, na wako wanaomkhofu. Twapenda kuieleza kazi yake ilivyo, ili mwenye kukubali akubali kwa ujuzi, na mwenye kukataa akatae kwa ujuzi.

Huyu si daktari wa kuandika dawa. Yampasa awe na shahada ya pili, kisha afanye kazi chini ya uangalizi kwa muda wa kama miaka miwili au zaidi, apite mtihani, na apate leseni ya jimbo. Wala kuwatibu watu wa nyumba moja kwa pamoja si jambo la jana. Bibi Virginia Satir, naye alikuwa mtumishi wa ustawi wa jamii, alianza kuwakutanisha hivyo Chicago mwaka 1951, na kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1964. Aliona kwamba yule mtoto aletwaye kuwa ndiye mwenye ila, aghalabu ni yeye tu ambaye maumivu ya nyumba nzima yamemtokea usoni.

Sasa tutazame mambo yaendavyo. Mtaalamu mmoja wa Oregon, Gerald Patterson, aliwachunguza wazazi na watoto ndani ya nyumba zao, akaona mtego ambao kila mzazi ataujua akiusikia. Mama aamuru, mtoto apiga kelele, mama achoka, aiacha amri yake. Mtoto amejifunza kwamba kelele zina faida. Kesho mama naye apiga kelele kumshinda, mtoto anyamaza. Na mama amejifunza somo lile lile. Hivyo kila mmoja amfundisha mwenziwe ukali, siku kwa siku, wala hapana aliyekusudia.

Ili kuukata mtego huu, Bibi Sheila Eyberg alitunga katika miaka ya 1970 njia ya kuwafunza wazazi wa watoto wa miaka miwili hadi saba. Mzazi hucheza na mtoto wake, na mshauri huwatazama kutoka chumba cha pili kupitia kioo, akimnong'oneza mzazi kwa chombo kidogo kilichotiwa sikioni. Siku hizi kioo ni kamera ya simu, na chumba cha pili huenda kikawa mji wa pili.

Sehemu ya kwanza ya mafunzo ni mchezo tu. Kila siku dakika tano mzazi humfuata mtoto anavyocheza: huyarudia maneno yake, huyataja anayoyafanya, na humsifu kwa kitendo chenyewe. Hasemi "mtoto mzuri" akaishia hapo, bali "umefanya vyema kumpa nduguyo gari." Katika dakika hizo haamrishi, haulizi, halaumu. Na iko hesabu: mzazi hahesabiwi kuwa amefuzu mpaka katika dakika tano aweze sifa kumi za namna hiyo, marudio kumi na maelezo kumi, na asipitishe yale yaliyokatazwa mara tatu. Mwenye kudhani ni rahisi na ajaribu leo jioni. Sisi twajua wazazi wanaokhofu kumsifu mtoto kwa sababu ya kijicho. Basi na waseme mashaallah, kisha wasifu.

Sehemu ya pili ndiyo ya amri: amri moja kwa wakati mmoja, iliyo wazi, isemwayo kwa sauti ya utulivu, na yenye malipo yajulikanayo kabla, atii au asitii. Kiboko hakimo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwaonya wazazi mwaka 2018 waache kuwapiga watoto, kwa kuwa kupiga huzidisha ukali wa mtoto kuliko kumtuliza.

Je, mafunzo ya mbali yafaa kama ya ana kwa ana? Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, watoto 40 waligawanywa, wengine wakatibiwa hospitalini na wengine kwa intaneti, na wale wa intaneti hawakuachwa nyuma. Sisi hatukustaajabu. Mtoto hafanyi ukaidi wake palipo na wageni na sakafu iliyopigwa deki. Huufanya jikoni kwao, saa ya kula.

Tuje kwenye siri. Kumweleza mshauri ili kutafuta dawa si kusengenya: Imam Nawawi ameorodhesha sababu sita ziruhusuzo kutaja aibu ya mtu, na kuomba msaada wa kuondoa ovu ni miongoni mwazo. Na sheria ya Marekani humfunga mshauri asitoe khabari za wamwendeao. Lakini kifungo hicho kina mpaka, na afadhali mzazi aujue mapema kuliko kuushtukia: mshauri akishuku kwamba mtoto ateswa, yampasa kuarifu serikali.

Tena, mke anayemwogopa mumewe hawezi kusema kweli na mume yuko nyuma ya mlango. Nyumba yenye mapigo ya namna hiyo haifai kikao cha pamoja. Kwanza atafutiwe usalama yeye na wanawe.

Kabla ya kulipa chochote, jina la mshauri litazamwe katika daftari la leseni la jimbo, ambalo huwekwa wazi kwa watu wote. Kwa desturi leseni yatakiwa iwe ya jimbo alilokaa mwenye kutibiwa. Na mama asiyejua Kiingereza aombe mkalimani mapema, wala asimtumie mwanawe mkubwa. Kanuni za mwaka 2016 zilikataza jambo hilo katika huduma za afya zipokeazo fedha za serikali kuu, ila kwa dharura. Mtoto hawezi kuwa mshtakiwa asubuhi na ulimi wa mamaye jioni.

Kikao huwa mara moja kwa juma, kama muda wa saa moja. Zile dakika tano za mchezo ni za kila siku.