Mji Upi wa Kulea Watoto: Tanga, Mombasa au Dar es Salaam?

Leo twataka kusema juu ya swali ambalo wazazi wengi wa Maramba hulifikiri usiku, watoto wakiisha kulala: tukihama shamba, twende mji upi? Wako wasemao Tanga, kwa kuwa ni karibu. Wako wasemao Mombasa, kwa kuwa Wadigo wana jamaa pande zote mbili za mpaka. Na vijana wengi husema Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko kwenye fedha. Sisi hatumchagulii mtu. Twaonyesha mambo ya kupima kabla ya kufunga mizigo.

Kwanza yafaa kujua ya kuwa mji wa kuchumia na mji wa kulelea si lazima uwe mmoja. Mshahara hupimwa kwa kile kibakicho baada ya kulipa kodi ya nyumba, nauli, maji na chakula. Tena kuna kitu kisichoandikwa katika hesabu hiyo, nacho ni saa za mzazi pamoja na watoto wake.

Tuanze na Dar es Salaam. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuwa na watu zaidi ya 5,300,000. Wengi wenye kipato kidogo hupanga pembeni, kama Mbagala au Gongo la Mboto, na kazi zao ziko Kariakoo au bandarini. Mabasi yaendayo haraka yalianza mwaka 2016, nayo yamesaidia. Lakini baba atokaye alfajiri na kurudi usiku huwakuta watoto wamelala. Je, watoto hao wanalelewa na nani? Walakini mwenye mtoto anayehitaji madaktari wa Muhimbili mara kwa mara, au mwenye ufundi usio na soko kwingine, ana sababu njema ya kwenda huko.

Mombasa nayo, iliyohesabiwa watu 1,208,333 mwaka 2019, huvuta kwa lugha na undugu. Mtu hupita Horohoro na Lunga Lunga, na akifika Likoni hujiona yuko kwao. Lakini mpaka ni mpaka. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza mwaka 2010, hata hivyo mgeni hana budi kuwa na hati za kukaa na za kazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haimpi asiye raia ardhi ila kwa kukodishwa, muda usiozidi miaka 99. Tena, shule za msingi za serikali ya Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na Kenya huingia katika Kiingereza mapema zaidi. Mtoto ahamishwaye katikati ya masomo hupata taabu.

Katika Tanzania yenyewe, ada si sababu ya kuhama. Shule za serikali ziliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi kidato cha sita mwaka 2022. Ulizeni badala yake: shule i umbali gani na nyumba, na darasa moja lina watoto wangapi?

Maji nayo ni ya kuulizwa. Dar es Salaam hutegemea mto Ruvu, na mwaka 2022, mto ulipopungua, watu waligawiwa maji kwa zamu. Mombasa huvuta mengine kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200. Tanga hunywa maji ya mto Zigi, utokao katika milima yetu hii ya Usambara.

Tanga, basi, ni mji ambamo bibi wa Maramba aweza kuwajia wajukuu na kurudi siku ile ile, na hospitali ya Bombo i karibu. Upungufu wake ni kazi. Mji huu uliwahi kutegemea katani: mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000, na mwishoni mwa miaka ya 1990 haikufika 40,000. Nyumba nyingi ziliona njaa. Miaka ya karibuni njia ya meli bandarini imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13, na kazi zimeongezeka. Hata hivyo kazi ya ujenzi huisha jengo likiisha. Yafaa baba na mama wawe na kazi mbili zisizoanguka pamoja.

Shauri letu ni hili. Mmoja atangulie kwa miezi michache, akae kwa ndugu, aandike matumizi ya kila siku na saa za njiani. Wala msiuze shamba kwanza: usiache mbachao kwa msala upitao. Kisha mkae pamoja, baba na mama, msome hesabu hiyo. Mji utakaowaachia akiba kidogo na jioni moja ya kula pamoja na watoto, huo ndio wenu.