Je, kadi ya video ni ya lazima? Mwongozo kwa mnunuzi wa kompyuta mjini Kampala

Barabara ya Nasser, katikati ya Kampala, inajulikana kwa kazi ya uchapishaji: mabango ya wagombea, kadi za harusi, kalenda na vitabu vya risiti. Kabla wino haujagusa karatasi, msanifu amekwisha kuitengeneza kazi hiyo kwenye kompyuta. Katika mtaa wa Wakaliga, mjini humo humo, Isaac Nabwana amejipatia sifa nje ya mipaka ya Uganda kwa filamu za mapigano anazozihariri kwenye kompyuta alizoziunda mwenyewe kwa vipuri. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imejaa milipuko iliyotengenezwa kwa kompyuta.

Kazi zote mbili hutegemea picha, lakini haziitwiki kompyuta mzigo sawa. Ni vyema kuifahamu tofauti hiyo kabla ya mtu kutoa akiba yake, au mkopo wa chama cha akiba, kununua kadi ya video ambayo pengine haihitaji.

Picha hutengenezwa wapi?

Kila kinachoonekana kwenye skrini huchorwa na kitengo maalumu cha picha. Zamani, kitengo hicho kisipokuwa kwenye kadi ya peke yake, kilipachikwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ambao mafundi huuita madabodi. Mwaka 2010 kampuni ya Intel ilianza kukiunganisha na prosesa zake za Core, na mwaka 2011 AMD nayo ikafanya hivyo. Ndiyo sababu kompyuta nyingi za ofisini leo huonyesha picha bila kadi yoyote. Madabodi hutoa tundu la kuchomeka waya wa skrini tu.

Hata hivyo, si prosesa zote zilizo na kitengo hicho. Zile za Intel ambazo jina lake huishia na herufi F, kwa mfano Core i5-12400F, hazinacho. Anayezinunua hana budi kutafuta na kadi.

Tofauti kubwa baina ya njia hizi mbili ni kumbukumbu. Kitengo cha ndani huazima sehemu ya RAM ya kompyuta na kugawana njia moja na prosesa. RAM mbili za aina ya DDR4-3200 zikifanya kazi pamoja hupitisha takriban gigabaiti 51 kwa sekunde. Kadi ya GeForce RTX 3060, yenye gigabaiti 12 za kumbukumbu yake yenyewe, hupitisha 360.

Nani haihitaji?

Mhasibu, karani, mwanafunzi anayeandika tasnifu na hata msanifu wa mabango wanaweza kufanya kazi vizuri bila kadi. Bango halisogei: likishachorwa kwenye skrini, kompyuta husubiri badiliko linalofuata. Mara nyingi kinachomchelewesha msanifu ni RAM iliyojaa au diski ya zamani inayozunguka. Fedha za kadi zitamfaa zaidi zikinunua diski ya SSD na kufikisha RAM gigabaiti 16.

Tena, ikiwa kompyuta ina kipande kimoja tu cha RAM, kuongeza cha pili kinachofanana nacho huipanua njia ya data maradufu, na kitengo cha picha nacho hunufaika.

Nani anaihitaji?

Filamu ya picha 25 kwa sekunde ina picha 90,000 kwa saa moja. Mhariri anapoongeza moshi, moto, rangi na maandishi, kila picha inayoguswa hukokotolewa upya. Hapo kitengo cha ndani huelemewa, na mteja aliyeahidiwa kazi kesho huipata keshokutwa. Msanifu majengo anayechora nyumba kwa pande tatu, na mchezaji wa michezo mipya ya kompyuta, wako katika kundi hilo hilo. Lakini anayekata na kuunganisha video fupi za harusi au mahubiri anaweza kuanza bila kadi, kwa sababu vitengo vingi vya Intel tangu mwaka 2011 vina sehemu maalumu ya kubana video.

Mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa

Jambo la kwanza ni umeme. Tundu la kadi kwenye madabodi hutoa wati 75 tu. RTX 3060 hutumia hadi wati 170 na huhitaji waya wake kutoka kwenye pawasaplai. Kompyuta ndogo za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika, nyingi zina pawasaplai dhaifu na kasha jembamba. Hizo zinafaa kadi fupi isiyozidi wati 75, kama aina kadhaa za GTX 1050 Ti. Gharama nayo haiishii dukani: wati 170 kwa saa sita ni takriban yuniti moja ya Yaka kila siku.

Pili, kadi iliyotumika ichunguzwe. Kuna kadi za zamani ambazo programu yake ya ndani hubadilishwa ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya zaidi. Programu ya bure ya GPU-Z inaweza kufichua nyingi kati ya hizo.

Tatu, kadi ikishafungwa, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi yenyewe. Ukibaki kwenye tundu la madabodi, huenda mnunuzi akaendelea kutumia kitengo kile kile cha zamani na kudhani amelaghaiwa.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote ni kazi yako mwenyewe. Nenda dukani na faili unalolitumia kila siku, umwombe fundi alifungue kwenye kompyuta isiyo na kadi. Likienda bila kukwama, fedha zako zina matumizi mengine.